Viza ya Kipaji: Inavyofanya Kazi, na Kile Ambacho Hakuna Anayeweza Kukuuzia

Haya ni maneno ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wakazi wa katikati ya jiji, Westlands, Kangemi, Kawangware na Dagoretti, katika Ukumbi wa Charter, City Hall. Tumeyachapisha kwa ajili ya waliokosa nafasi ya kufika.

 

Nianze na jambo moja ili tusipotezeane wakati. Serikali ya kaunti haitoi viza. Haiwezi kukuombea viza, na hakuna mtu katika jengo hili, kuanzia mlinzi wa langoni hadi ghorofa ya juu kabisa, aliye na njia ya mkato ya kwenda Marekani. Kwa upande wetu, uhamiaji ni kazi ya serikali ya kitaifa, pale Nyayo House. Viza ya Marekani ni kazi ya Wamarekani wenyewe.

Basi mbona tuko hapa? Ni kwa sababu ya barua. Watu huja ofisini kwetu kuomba barua: wanamuziki, wachoraji, makocha, vijana wa kompyuta. Wanataka karatasi yenye nembo ya kaunti, inayosema kwamba fulani ana kipaji cha ajabu. Ukiwauliza ni ya nini, jibu huwa lile lile. Kuna mtu mahali fulani mjini amewaambia kwamba wakileta barua hiyo, pamoja na pesa, atawatengenezea "viza ya kipaji". Bei ninazotajiwa hutofautiana. Maneno ya yule mtu hayatofautiani.

Sasa, viza hiyo ipo kweli. Hapo ndipo penye hatari. Tapeli anayekuuzia kitu kisichokuwepo utamgundua mapema. Huyu anakuuzia kitu kilichopo, ukikisoma kwenye tovuti ya serikali ya Marekani utakikuta, kwa hiyo unamwamini hata anapofika kwenye sehemu ya uongo. Nimeona afadhali tujue ukweli wenyewe, kisha uongo tutautambua bila kufundishwa.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopanga upya viza za uhamiaji zinazotolewa kwa misingi ya kazi. Zilitengwa viza 140,000 kwa mwaka, zikagawanywa katika makundi 5. Kundi la kwanza lina mafungu 3: maprofesa na watafiti mashuhuri, mameneja wa kampuni za kimataifa, na hawa wetu wa leo, watu wenye uwezo usio wa kawaida katika sayansi, sanaa, elimu, biashara au michezo. Fungu hili huitwa EB-1A. Kundi zima la kwanza hupata takriban viza 40,000 kwa mwaka, na hesabu hiyo ni pamoja na wake, waume, na watoto wao walio chini ya miaka 21. Kwa hiyo si mlango mpana. Lakini foleni ndefu katika kundi hili ni ya waliozaliwa India na China; Mkenya kwa kawaida hana foleni hiyo mbele yake.

Anayeipata hupewa ukaazi wa kudumu, ile kadi ya kijani mnayoisikia. Haina uhusiano wowote na bahati nasibu ya viza. Kule ni kura. Huku ni ushahidi.

Na ushahidi wa nini? Kanuni inasema mwombaji awe miongoni mwa wale wachache waliofika kileleni mwa kazi yao, na awe na sifa za kudumu za kitaifa au za kimataifa. Naomba msikie hilo neno "kitaifa". Si lazima ujulikane New York. Mtu anaweza kuwa hajawahi kuvuka Namanga, na bado akawa na sifa ya kitaifa hapa Kenya inayoweza kuthibitishwa. Huo ndio upande wa ukarimu wa kanuni hii, na wengi wenu hamjawahi kuambiwa.

Kuna jambo lingine linaloitenga viza hii na karibu zote za kazi. Huhitaji mwajiri. Unaweza kujaza ombi mwenyewe, kwa jina lako, ukiwa hapa Nairobi. Unachotakiwa kuonyesha ni kwamba utaendelea na kazi ile ile ukifika kule: barua za wanaotaka kufanya kazi nawe, mikataba kama ipo, au maelezo yako mwenyewe ya mipango yako.

Hili la kutohitaji mwajiri ndilo linalompendeza tapeli. Kijana anayekwenda kufanya kazi Ghuba ana kampuni upande wa pili, ana mkataba, na wakala wake anapaswa kuwa amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kuna mtu wa kupigiwa simu, kuna orodha ya kutazama. Katika viza hii ni wewe na faili yako tu. Kwa hiyo anayetaka kukudanganya hahitaji kubuni kampuni. Anahitaji kukuuzia faili.

Tufungue hiyo faili basi.

Njia ya kwanza ni fupi sana: tuzo moja kubwa inayotambuliwa duniani kote. Nobel aliyopewa Profesa Wangari Maathai mwaka 2004 ni mfano. Oscar ya Lupita Nyong'o mwaka 2014 ni mfano. Dhahabu ya Olimpiki ya Eliud Kipchoge kule Rio mwaka 2016 ni mfano pia. Sisemi hao waliomba viza hii. Nataka tu mwone ukubwa wa tuzo inayotosha peke yake. Naona mnacheka. Sawa, tuje kwetu sisi wengine.

Njia ya pili ina vigezo 10, na mwombaji lazima athibitishe angalau 3. Kimoja ni tuzo za chini ya hizo, ila zinazotambuliwa kitaifa au kimataifa kwa ubora wa kazi. Kingine ni uanachama katika chama kinachopokea tu watu waliofanya makubwa, kwa kuamuliwa na wataalamu. Kulipia kiingilio na kupewa kadi hakuhesabiki. Kuna habari zilizochapishwa kukuhusu wewe na kazi yako. Kuna kuwa mwamuzi wa kazi za wenzako. Kuna mchango wa asili wenye uzito mkubwa katika fani. Kuna makala za kitaalamu ulizoandika. Kuna kazi yako ya sanaa kuonyeshwa katika maonyesho. Kuna nafasi ya uongozi, au nafasi nyeti, katika shirika lenye sifa. Kuna mshahara mkubwa kuliko wa wenzako wa kazi hiyo. Na mwisho kuna mafanikio ya kibiashara katika sanaa za maonyesho, yaani tiketi na mauzo.

Nitavisimamia vichache tu, vile ambavyo naona watu wa hapa wanavidharau bila sababu.

Uamuzi wa kazi za wenzako. Tuna walimu katika jiji hili wanaoketi kila mwaka kama waamuzi wa Tamasha la Muziki la Kenya. Tuna waliowahi kuwa jopo la majaji wa filamu. Tuna watafiti kule Kabete na Uthiru ambao majarida ya kisayansi huwatumia makala za wenzao ili wazipime kabla ya kuchapishwa. Wakimaliza, wanasahau. Hicho ni kigezo kizima! Lakini ushahidi wake si kusema "niliwahi kuwa jaji". Ni ile barua ya mwaliko, programu yenye jina lako, na uthibitisho kwamba kweli uliamua, maana mwaliko peke yake hautoshi.

Maonyesho ya sanaa. Mchoraji aliyetundika kazi zake katika kumbi za Alliance Française au Goethe-Institut, hapo karibu na Loita Street, au katika majumba ya makumbusho, ana jambo la kuonyesha. Swali ni kama aliweka katalogi. Mara nyingi jibu ni kwamba alimpa shangazi.

Mshahara. Wengi hukata tamaa hapa kwa kuubadilisha mshahara wao kuwa dola, wakaona ni kidogo. Mwongozo wa Wamarekani wenyewe unasema kipimo ni wenzako wa fani hiyo katika nchi unayofanyia kazi. Mhandisi wa programu wa Kilimani hupimwa na wahandisi wa Kenya, si wa California. Na tuzo ya kikundi, je? Mwaka 2024 idara yao ya uhamiaji, USCIS, ilifafanua kwamba tuzo iliyotolewa kwa timu inaweza kuhesabika kwa mwanachama wake. Wapiga ngoma mlio nyuma ya jukwaa, hilo lenu.

Halafu kuna kigezo cha habari zilizochapishwa, na hapa mnivumilie kwa sababu nilisomea uandishi wa habari na kinanigusa. Kanuni inataka mambo matatu yaonekane: kichwa cha habari, tarehe, na jina la mwandishi. Sasa fikirieni jinsi tunavyohifadhi magazeti. Tunakata picha yetu, tunatupa ukurasa. Tarehe ilikuwa juu, imekwenda. Jina la mwandishi lilikuwa pembeni, limekwenda. Na hata ukihifadhi ukurasa mzima, magazeti yetu yana mtu mmoja mashuhuri aitwaye "Na Mwandishi Wetu", ambaye ameandika habari nyingi kuliko binadamu yeyote Afrika Mashariki. Mkihojiwa, mwombeni mwanahabari jina lake liwekwe. Habari yenyewe pia iwe inakuhusu wewe. Kutajwa katika sentensi moja ndani ya habari ya tamasha si habari kukuhusu.

Kama mliandikwa katika Taifa Leo, msidhani Kiswahili kinawapunguzia. Kinahesabika. Ila kila karatasi isiyo ya Kiingereza lazima iambatanishwe na tafsiri kamili ya Kiingereza, na mfasiri atie sahihi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaziweza lugha hizo. Muhtasari haukubaliki.

Waliopoteza magazeti yao wana pa kuanzia. Maktaba ya McMillan hapo Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931 na sasa iko chini ya kaunti yetu, ina magazeti ya zamani. Nyaraka za Kitaifa hapo Moi Avenue vilevile. Nendeni na tarehe, hata ya kukisia. Ukiingia na kusema "niliandikwa zamani kidogo", mhudumu atakuhurumia lakini hataweza kukusaidia.

Sasa niseme jambo ambalo yule mtu wa mjini hasemi kamwe. Kufikisha vigezo 3 si kupata viza. Kuna hatua ya pili. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa kule magharibi mwa Marekani iliamua kesi ya Kazarian, mwanafizikia wa nadharia aliyekuwa akijitolea kufundisha katika chuo cha Glendale, California. Msomi wa kweli, mwenye shahada ya uzamifu na makala zake. Mahakama ilimkosoa afisa wa uhamiaji kwa kuongeza masharti yasiyomo katika kanuni. Hata hivyo ilikuta mwombaji ametimiza vigezo 2 pekee, na akashindwa. Tangu hapo maafisa hufanya kazi kwa ngazi mbili: kwanza wanahesabu vigezo, kisha wanaitazama faili nzima na kujiuliza kama mtu huyu kweli yuko kileleni mwa fani yake na kama sifa zake zimedumu. Unaweza kuvuka ngazi ya kwanza na kuanguka kwenye ya pili, na wengi huanguka hapo.

Nawaomba mpime kesi hiyo kwa utulivu. Daktari wa fizikia ameshindwa kwa kukosa kigezo kimoja. Halafu mtu akuambie, wewe uliyeshinda shindano moja la densi mtaani, kwamba yako ni uhakika?

Sisemi hivyo kumdharau mcheza densi. Nasema kwa sababu ya kinachofuata. Tapeli anajua kwamba huna vigezo 3, kwa hiyo anakuuzia. Kuna tuzo za kulipia, zenye majina makubwa ya kimataifa, ambazo hutolewa kwa yeyote mwenye kadi ya benki. Kuna vyama vinavyotoa uanachama wa heshima kwa ada. Kuna majarida yatakayochapisha makala yenye jina lako ambayo wewe hujaisoma, achilia mbali kuiandika. Kuna tovuti za habari zitakazokuita gwiji wa Afrika, zote siku moja, zote kwa sentensi zile zile. Na kuna barua kutoka kwa maprofesa ambao hawajui kwamba wameandika barua.

Maafisa wanaosoma mafaili hayo wameshayaona mengi ya namna hiyo. Wanauliza tuzo ilitolewa kwa washindani wangapi, nani alikuwa jaji, chombo hicho kina wasomaji wangapi. Tuzo ya kununua haina majibu ya maswali hayo, kwa hiyo afadhali ya mambo ni kwamba itapuuzwa tu na pesa zako zitakuwa zimekwenda.

Ubaya zaidi uko kwenye karatasi ya kughushi. Sheria ya Marekani inasema anayetumia udanganyifu kuhusu jambo la msingi ili kupata viza anaweza kufungiwa mlango wa nchi hiyo maisha yake yote. Msamaha upo lakini ni mwembamba, na wengi hawana sifa za kuuomba. Hufungiwi viza hii peke yake. Ni viza ya masomo pia, ya kumtembelea dada yako, ya kwenda kukimbia mbio za Boston. Ombi lililokataliwa kwa kukosa uzito halina shida kubwa. Unaweza kuomba tena ukiwa umefanya mengi zaidi. Uongo unabaki kwenye rekodi yako. Na anayetia sahihi fomu ni wewe. Yule wa mjini jina lake halimo popote. Hapa nyumbani nako, kughushi hati ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu. Mkiuziwa, pelekeni ripoti kwa DCI, hata kama mnaona aibu.

Ndiyo maana barua ile hatuandiki. Sisi katika kaunti hatuwezi kusema kwamba mtu ana kipaji cha ajabu, kwa sababu hatujui. Tunachoweza kuandika ni tulichokiona na kilicho katika kumbukumbu zetu: kwamba ulichora ukuta fulani kwa mradi wa kaunti, mwaka fulani, kwa mkataba fulani. Barua ya namna hiyo ni fupi na haina sifa. Waombaji huondoka wamenuna. Lakini ndiyo yenye kazi. Barua ya "Kwa Yeyote Anayehusika, huyu ni kijana mwenye bidii na nidhamu" inafaa kuombea nafasi ya shule ya bweni. Barua inayosaidia hapa hutoka kwa mtaalamu wa fani, hasa asiyekuwa rafiki wala bosi wako, na inaeleza ulifanya nini hasa, nani alikitumia, na kitu gani kilibadilika kwa sababu hiyo. Tuseme mtafiti wa mifugo wa Uthiru ametengeneza kipimo cha ugonjwa. Barua ya mwanasayansi wa nchi nyingine inayosema "maabara yetu inatumia kipimo hicho" ina uzito kuliko barua 10 za wakubwa wake.

Waswahili husema chema chajiuza. Katika jambo hili, chema hakijiuzi. Kipaji kisicho na karatasi hakionekani na afisa aliye Marekani ambaye hajui Kawangware iko wapi. Wako watu jijini humu ambao wangefaulu, na hawajui, kwa sababu miaka 15 ya kazi yao imo katika simu tatu zilizoibwa.

Kuna viza ya jirani ambayo kwa wengi wenu, hasa wasanii, inafaa zaidi. Inaitwa O-1. Nayo ni ya watu wenye uwezo usio wa kawaida, lakini ni ya muda: hadi miaka 3 mwanzoni, na inaweza kuongezwa. Tofauti kubwa ni kwamba huwezi kujiombea. Lazima mwajiri au wakala aliye Marekani akuombee, na kuwe na kazi maalum, kama ziara ya muziki au filamu. Kwa wasanii kipimo chake ni chepesi kidogo: wanatafuta sifa iliyo juu ya ile ya kawaida katika fani. Mkeo au mumeo anaweza kufuatana nawe lakini haruhusiwi kufanya kazi. Wanariadha pia wana viza yao ya mashindano, P-1, na ndiyo inayowafaa wengi wanaokwenda kukimbia na kurudi.

Wenye shahada ya uzamili au zaidi watazame pia kundi la pili, EB-2, ambako mtu anaweza kujiombea bila mwajiri akionyesha kwamba kazi yake ina manufaa kwa taifa la Marekani. Kipimo chake kiliwekwa upya mwaka 2016. Mtaalamu wa afya ya umma au wa nishati anaweza kuwa na kesi nzuri kule ilhali EB-1A ni mlima kwake.

Pesa sasa. Fomu ya ombi la EB-1A ni I-140. Tangu Aprili 2024 ada yake ni dola 715, na anayejiombea mwenyewe huongeza dola 300. Kwa bei ya dola ya kama shilingi 129, hiyo ni karibu shilingi 131,000. Ombi likikubaliwa, faili huja hadi ubalozi wa Marekani hapa Gigiri, ambako kila mwanafamilia hulipiwa dola 345 za maombi ya viza, uchunguzi wa afya kwa daktari aliyeidhinishwa na ubalozi, na baadaye dola 235 za kutengenezewa kadi. Ada hizi hazirudishwi, na hubadilika, kwa hiyo zithibitisheni kwenye tovuti ya USCIS kabla ya kulipa. Zinalipwa kwa serikali ya Marekani. Hakuna ada ya serikali ya Marekani inayolipwa kwa M-Pesa ya mtu binafsi mwenye ofisi ya meza moja.

Wakili si lazima, ila kwa faili nzito husaidia sana. Awe amesajiliwa katika jimbo mojawapo la Marekani. Majimbo yana orodha za mawakili wao na jina unaweza kulitafuta bure. Mwulize kabla ya kulipa: ni vigezo vipi 3 unavyoviona kwangu, na ni kipi dhaifu? Wakili mzuri hujibu swali la pili haraka kuliko la kwanza. Anayekuahidi kwamba utapata, ondoka.

Kwa hati za hapa nyumbani, cheti cha kuzaliwa na cha ndoa mwombe mapema kupitia eCitizen. Cheti cha mwenendo mwema huombwa huko huko, kisha unachukuliwa alama za vidole kwa DCI au katika Huduma Centre, kama ile ya GPO. Hakikisheni majina yanafanana kila mahali. Wamarekani hawaelewi mtu ambaye ni Kevin kwenye pasipoti, Kelvin kwenye cheti cha kuzaliwa, na jina la jukwaani kwenye tuzo zake zote. Wasanii, kama mnatumia jina la jukwaani, wekeni hati inayounganisha majina hayo mawili, hata kiapo cha wakili.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni kama kijana wake akiondoka kwa njia hii atapoteza Ukenya. Mkumbuke Bernard Lagat. Mwaka 2004 alipokea uraia wa Marekani, na Agosti ya mwaka huo akaiwakilisha Kenya Athens na kushinda fedha katika mita 1,500. Habari ilipojulikana mwaka uliofuata palikuwa na mzozo, kwa sababu Katiba ya wakati huo haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Mwaka 2007 kule Osaka alishinda mita 1,500 na 5,000, na wimbo wa taifa uliopigwa haukuwa wetu. Katiba ya 2010 ilibadilisha hayo: Kifungu cha 16 kinasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kwanza elewa kwamba kadi ya kijani si uraia. Uraia huombwa baadaye, kwa kawaida baada ya miaka 5. Ukiupata, sheria ya Kenya inataka ujulishe Idara ya Uhamiaji ndani ya miezi 3. Na kama una ndoto ya kurudi kugombea kiti cha MCA hapa Nairobi, ujue kwamba Kifungu cha 78 hakiruhusu afisa wa serikali kushika uraia wa nchi mbili. Utachagua.

Waliokuja na bahasha zao, meza iko kushoto. Tutaangalia tarehe, majina na tafsiri tu. Ushauri wa kisheria hatutoi. Hatulipishi chochote, na hatubaki na karatasi ya mtu. Sasa nachukua maswali, tuanze na mama aliyenyoosha mkono kule nyuma.